Malemba-Nkulu Yaingoja Kura ya Nne

Mji unakua, soko linapanuka, na sheria ipo tangu 2008. Kilichobaki ni wananchi wa vijijini kupewa nafasi ya kuwachagua madiwani wao.

Tarehe 20 Desemba 2023, mpigakura wa mji wa Kamina aliposimama mbele ya mashine ya kupigia kura alitakiwa achague mara nne: rais wa nchi, mbunge wa taifa, mbunge wa jimbo na diwani wa komini yake. Siku hiyohiyo, ndani ya jimbo hilohilo la Haut-Lomami, mpigakura wa Malemba-Nkulu alichagua mara tatu, kazi ikaisha. Kuhusu diwani, yule mtu wa kumwendea asubuhi kumwambia kwamba kisima kimeharibika, soko limejaa taka au njia ya baiskeli imekatwa na maji, hakuna aliyemuuliza neno.

Ulikuwa uamuzi wa Tume ya Uchaguzi, CENI, inayoongozwa na Denis Kadima. Kwa upungufu wa fedha na muda, uchaguzi wa madiwani ulifanyika katika komini za miji iliyo makao makuu ya majimbo peke yake. Kwa Haut-Lomami, hiyo ina maana ya mji wa Kamina na komini zake tatu: Kamina, Dimayi na Sobongo. Wilaya zote tano za jimbo, yaani Bukama, Kabongo, Kamina ya vijijini, Kaniama na Malemba-Nkulu, zilipitwa.

Makala haya yanahusu kura hiyo ya nne. Yanamhusu pia mwanamke muuza samaki, mwalimu wa shule ya msingi au kijana mwenye pikipiki ambaye angependa kugombea udiwani huko Malemba-Nkulu, ana watu wa kumchagua, ila hana uchaguzi wa kuingia.

Mji uliokua bila kuhesabiwa

Malemba-Nkulu iko kando ya Lualaba, jina ambalo wenyeji wanaupa mto Kongo katika sehemu zake za juu, ndani ya bonde la Upemba lenye maziwa na vinamasi vingi. Kukaa pamoja kwa wingi si jambo geni hapa. Mwanaakiolojia Mbelgiji Pierre de Maret alichimba makaburi ya kale ya bonde hili katika miaka ya 1970, Malemba-Nkulu ikiwemo, na kazi yake na ya waliomtangulia huko Sanga imeonyesha kwamba wavuvi na wahunzi waliishi hapa kwa jamii kubwa zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Katika ardhi hii ndimo ulimokulia ufalme wa Waluba.

Mpaka leo riziki hufuata maji. Samaki wa kukaushwa na wa chumvi hupandishwa mto kwa mitumbwi na boti mpaka Bukama, huko wakaipata reli inayoelekea Lubumbashi na miji ya migodi. Muhogo, mahindi na mafuta ya mawese husafiri juu ya baiskeli zinazosukumwa kwa mkono siku nzima. Ndani zaidi, mbali na mto, wachimbaji wadogo wanatafuta kasiterite na koltani kwa sururu na koleo. Kila penye samaki wengi au jiwe lenye bei huzuka kijiji, kijiji kikawa senta, na senta ikaanza kuitwa mji kabla haijapata bomba la maji.

Vita navyo viliwasogeza watu. Kati ya 1998 na 2003 kaskazini ya Katanga, jimbo la zamani ambalo Haut-Lomami ilikuwa sehemu yake, ilikuwa uwanja wa majeshi na wanamgambo wa Mai-Mai. Mwishoni mwa 2005 na mwanzoni mwa 2006, operesheni ya jeshi dhidi ya kundi la Gédéon Kyungu Mutanga katika eneo la Mitwaba iliwafanya watu wengi mno wakimbie makwao, wakaelekea kwenye mto na maziwa. Wapo waliorudi, na wapo waliooa, wakalima na kubaki.

Ukuaji wa namna hiyo una gharama yake. Kanda za afya za ukanda huu wa maziwa, Malemba-Nkulu, Mulongo na Bukama zikiwemo, zimo katika orodha ya maeneo ya Kongo ambamo kipindupindu hakiishi kabisa. Kinapungua kiangazi, kinapanda masika. Sababu zake zinajulikana na kila mama anayechota maji: watu wengi wamebanana ukingoni, vyoo ni vichache, na maji ya kunywa ni yaleyale ya kuogea na kuoshea samaki. Mganga hutibu mgonjwa mmojammoja. Kuamua choo cha soko kichimbwe wapi, nani akisafishe na ushuru wa meza utumikeje ni kazi ya baraza la mahali.

Na hapa pana jambo la kushangaza. Kongo haijahesabu watu wake tangu sensa ya 1984. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa anaweza kuwa na wajukuu, na bado idadi ya watu wa Malemba-Nkulu ni makadirio juu ya makadirio. Viti vya uwakilishi hugawanywa kwa kufuata daftari la wapigakura, sio idadi ya watu. Mahali penye watoto wengi na vituo vichache vya kujiandikisha panapoteza mara mbili: watoto hawahesabiwi, na wazazi waliokaa mbali na kituo hawaandikishwi.

Sheria imeshasema

Katiba ya 18 Februari 2006 iliweka wazi kwamba chini ya jimbo kuna serikali za mahali zenye mamlaka yake: mji, komini, sekta na sheferi. Wilaya yenyewe, ile wenyeji wanayoita teritware, haimo katika orodha hiyo. Mkuu wa wilaya ni mkono wa serikali kuu uliofika kijijini, naye huteuliwa. Vivyo hivyo vikundi vya vijiji na vijiji vyenyewe ni ngazi za utawala tu. Kwa hiyo mwananchi wa Malemba-Nkulu akitaka kuonana na serikali ambayo kisheria ni yake, lazima aitafute katika komini, sekta au sheferi.

Miaka miwili baadaye sheria ya msingi namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 ilieleza jinsi serikali hizo zitakavyofanya kazi. Ilisema kwamba kila makao makuu ya wilaya ni komini. Ikaongeza kwamba makazi yoyote yaliyofikisha watu 20,000 yanaweza kupewa hadhi hiyo kwa amri ya Waziri Mkuu. Kila komini iwe na baraza la madiwani waliochaguliwa na wananchi, na baraza hilo limchague meya wa komini, ambaye Wakongo humwita bourgmestre. Katika sekta, baraza limchague mkuu wa sekta. Katika sheferi, chifu hupatikana kwa desturi, lakini pembeni yake kuwe na baraza la waliochaguliwa.

Mambo ambayo baraza hilo linayaamua ndiyo maisha ya kila siku: barabara za ndani, masoko, usafi, vyanzo vya maji, mmomonyoko wa udongo, zahanati, bajeti ya mahali na hesabu za mwaka. Mtu akiisoma sheria hiyo kwa utulivu ataona kwamba waliotunga walimfikiria mwananchi wa mahali kama Malemba-Nkulu.

Utekelezaji ndio uliokwama. Taifa lilipiga kura Julai 2006, Novemba 2011, Desemba 2018 na Desemba 2023. Mara tatu za kwanza uchaguzi wa mahali haukufanyika popote. Kalenda ya CENI iliyotangazwa Februari 2015 iliupanga ufanyike tarehe 25 Oktoba mwaka huo, na tarehe hiyo ikapita kimya. Mwaka 2023 mlango ukafunguliwa nusu, kwa miji mikuu ya majimbo. Wakati wote huo wanaoongoza komini na sekta wamekuwa watu wa kuteuliwa. Wapo wachapakazi miongoni mwao, na wanastahili heshima. Lakini aliyeteuliwa anajua nani anaweza kumwondoa, na mtu huyo hakai Malemba-Nkulu.

Pengo la chini linaathiri mpaka juu. Kwa mujibu wa sheria, madiwani wa komini ndio wanaowachagua madiwani wa mji, na madiwani wa mji wanamchagua meya wa mji. Ngazi ya kwanza ikikosekana, nyingine zote hukosa pa kuegemea.

Kiti cha chifu na kiti cha diwani

Wapo wanaosema kwamba vijijini hakuna haja ya madiwani kwa sababu machifu wapo. Hoja hii inahitaji jibu la heshima, maana katika nchi ya Waluba uchifu una mizizi mirefu kuliko mipaka ya Kongo yenyewe.

Katiba, katika ibara ya 207, inautambua utawala wa jadi, na sheria ya 25 Agosti 2015 imeweka hadhi ya machifu. Chifu ndiye mwenye neno juu ya ardhi, urithi na maelewano ya koo. Mgombea yeyote wa udiwani atakayeanza kampeni bila kwenda kumsalimu atakuwa amejifungia mlango mwenyewe.

Hata hivyo historia ya Waluba haimwonyeshi mfalme aliyetawala peke yake. Mulopwe, yaani mfalme, alikuwa na bilolo, wakuu wa maeneo. Na palikuwa na chama cha Bambudye, watunza kumbukumbu, waliosoma historia ya ufalme katika ubao wa shanga uitwao lukasa. Hao walikumbuka nani aliahidi nini, nani alivunja mwiko, na walikuwa na uzito wa kumzuia mtawala asizidi mipaka. Baraza linalomuuliza kiongozi hesabu, basi, ni jambo ambalo babu zetu wa Lualaba walilijua kabla ya mzungu wa kwanza kuvuka mto.

Aliyevuruga mambo ni mkoloni. Kwa amri za 1910 na 1933, Wabelgiji waliwageuza machifu kuwa makarani wa kodi na wasimamizi wa kazi za lazima. Palipokuwa na machifu wadogo wengi waliwaunganisha kwa nguvu katika sekta, wakaweka mkuu waliyemtaka wao. Baada ya uhuru, Mobutu akazibadilisha sheferi na sekta kuwa kolektivite na kuziingiza katika mfumo wa chama kimoja, MPR. Chifu akazoea kutazama juu, kwa anayemlipa. Madiwani waliochaguliwa wangemrudishia watu wa kukaa naye, kubishana naye na kumsaidia, wakimwacha abaki chifu wa wote badala ya kuvutwa na kila chama cha siasa.

Fedha zinazopita juu ya vichwa

Ibara ya 175 ya Katiba inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa yanayokusanywa jimboni yabaki jimboni. Sheria ya 2008 inaongeza kwamba katika fungu hilo la jimbo, asilimia 40 iende kwa serikali za mahali. Kwa hesabu rahisi, katika kila faranga 100 za mapato hayo, 40 ni za jimbo, na katika hizo 40, faranga 16 ni za komini, sekta na sheferi.

Madini nayo yana sheria yake. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa mrabaha wa mgodi hivi: nusu kwa serikali kuu, robo kwa jimbo, asilimia 15 kwa serikali ya mahali ulipo mgodi, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Kwa wilaya yenye kasiterite na koltani, asilimia 15 hizo zingeweza kuwa visima, vyumba vya madarasa na matengenezo ya feri.

Katika uhalisia, Kinshasa imezoea kukusanya kwanza na kurudisha baadaye, na kinachorudi huchelewa na kupungua. Kikifika jimboni, ngazi ya chini hupata masalio. Sekta na sheferi nyingi za Kongo hujiendesha kwa ushuru wa soko, vizuizi vya barabarani na faini ndogondogo, yaani kwa fedha za mama muuza muhogo na kijana msukuma baiskeli. Maskini ndiye anayeilipia serikali ya mahali, halafu hana kura ya kuulizia matumizi.

Mpango wa maendeleo wa wilaya 145, uliozinduliwa na serikali ya Rais Félix Tshisekedi, ulikusudia kujenga shule, vituo vya afya, ofisi za utawala, barabara na maji nchi nzima, na Malemba-Nkulu ni mojawapo ya wilaya hizo 145. Nia ya mpango ni njema. Lakini jengo likichaguliwa mbali, mkandarasi akatafutwa mbali na hesabu zikakaguliwa mbali, mwananchi hubaki mtazamaji wa kazi inayofanywa kwa jina lake. Palipo na diwani, kuna mtu anayeishi karibu na msingi wa jengo, anayeona saruji ikipungua, na mwenye haki ya kisheria ya kusimama barazani na kuuliza.

Anayetaka kugombea ajiandae na nini

Tuseme kesho CENI itangaze uchaguzi wa madiwani Malemba-Nkulu. Mgombea ataingia katika uwanja wa aina gani? Uzoefu wa miji mikuu mwaka 2023 unatufundisha mambo kadhaa.

Kwanza, muda ni mfupi. Kampeni ya urais na ubunge wa taifa ilianza 19 Novemba, lakini ile ya madiwani na wabunge wa majimbo ilifunguliwa 4 Desemba, na zote zikafungwa 18 Desemba. Siku 15. Ndani ya komini ya mjini mtu anaweza kuizunguka kwa miguu. Katika sekta yenye vijiji vya mtoni, visiwa vya nyasi na njia zinazopotea wakati wa mvua, siku 15 hazitoshi kujitambulisha kwa asiyejulikana. Anayetaka kura ya mwaka 2028 lazima awe ameshajulikana kwa kazi zake leo.

Pili, kwenda peke yake ni kugumu. Kura ni za orodha, na orodha ya ngazi ya mahali lazima ivuke kizingiti cha asilimia 10 ya kura halali ndipo igawiwe viti. Mgombea huru mwenye heshima kijijini kwake anaweza kushinda huko na bado akakosa kiti. Ndiyo maana wengi hukimbilia vyama vikubwa, na chama kikubwa hudai utiifu kwa viongozi walioko mbali. Vikundi vya wavuvi, vyama vya wakulima, walimu na akina mama wa soko wanaweza kuungana mapema katika orodha moja yenye ajenda ya hapo nyumbani. Hiyo ni njia halali, na ndiyo itakayowapa nguvu wasiokuwa na fedha.

Tatu, wanawake. Sheria ya uchaguzi iliyorekebishwa mwaka 2022 inaisamehe dhamana orodha yenye angalau nusu ya wagombea wanawake. Vyama vingi havikujali. Malemba-Nkulu, ambako soko linaendeshwa na wanawake, maji yanachotwa na wanawake na wagonjwa wa kipindupindu wanauguzwa na wanawake, ingekuwa hasara kubwa kuwa na baraza la wanaume watupu. Zaidi ya hayo, msamaha wa dhamana ni fedha iliyookolewa kwa orodha maskini.

Nne, na hili ndilo zito, zawadi. Wakati wa kampeni hugawiwa fulana, vitenge, chumvi, sabuni na vinywaji, na mgombea asiye navyo huonekana si mtu. Kila zawadi hiyo ina bei. Aliyenunua kiti atataka kurudisha mtaji wake, na hana pa kuurudishia ila katika ushuru wa soko na mafungu ya visima. Mpigakura anayepokea kipande cha sabuni atakilipa kwa miaka mitano. Na mgombea mwenye nia safi ana kitu cha kutoa ambacho tajiri mara nyingi hana: maelezo. Aeleze mbele ya watu ushuru wa soko ni kiasi gani kwa wiki, unaishia wapi, na yeye angeupeleka wapi. Katika senta ambako hakuna aliyewahi kusomewa bajeti, maelezo hayo yana nguvu kuliko fulana.

Kinga dhidi ya sumu ya ukabila

Kuna hatari moja ambayo haifai kufichwa. Novemba 2023, wiki chache kabla ya kura, kuuawa kwa kijana mwendesha pikipiki huko Malemba-Nkulu kulifuatiwa na mashambulizi dhidi ya wakazi wenye asili ya Kasai. Watu waliuawa, wengine wakakimbia. Video za ukatili ule zilizunguka nchi nzima na kuwatia simanzi wote wenye moyo wa kibinadamu, Waluba wa Katanga kwa Waluba wa Kasai.

Katanga inaujua ugonjwa huu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wakasai kwa maelfu walifukuzwa katika miji ya migodi baada ya wanasiasa kuwaambia watu kwamba shida zao zina kabila. Wengi walifia njiani na katika vituo vya treni. Reli na migodi vilipoteza mafundi, na hakuna mwenyeji aliyetajirika kwa machozi yale.

Uchaguzi wa mahali unaweza kuwasha moto huo, kwa kuwa kijijini kila mtu anajua ukoo wa mwenzake. Unaweza pia kuuzima. Baraza ambamo mvuvi wa asili, mkimbizi wa vita aliyebaki, na mfanyabiashara aliyetoka Kasai wote wana mwakilishi ni mahali pa kusemea malalamiko kabla hayajafika barabarani. Mgombea anayeanza hotuba kwa kuuliza nani ni mwenyeji na nani ni mgeni ameshatangaza kwamba hana mpango wa maji wala soko. Wazee, makanisa na machifu wana wajibu wa kumkanya hadharani siku hiyohiyo.

Kaskazini ya Katanga ina mfano wake wa kujivunia katika hili. Mwaka 2004, vita vikiwa bado vinatokota, Askofu Nkulu Ntanda Ntambo wa Kanisa la Methodisti aliwakutanisha Kamina wakuu wa Mai-Mai, machifu na watu wa serikali katika mkutano wa amani. Katika miaka hiyohiyo Mchungaji Daniel Mulunda Ngoy, kupitia shirika la PAREC, alikuwa akiwapa wapiganaji baiskeli wakimkabidhi bunduki. Kama watu waliokuwa wakiwindana msituni waliweza kukaa chumba kimoja, wakazi wa senta moja wanaweza kugombea viti vya baraza moja bila kuchomana.

Majirani wametufundisha nini

Wasomaji wa Tanzania, Kenya na Uganda huenda wakashangaa, maana kwao kura ya mahali ni jambo la kawaida. Tanzania huchagua wenyeviti na halmashauri za vijiji zaidi ya 12,000, na sheria ya mwaka 1982 inaupa mkutano mkuu wa kijiji, yaani watu wazima wote, haki ya kusomewa mapato na matumizi. Uchaguzi wa 27 Novemba 2024 ulikuwa na malalamiko mazito ya wagombea wa upinzani walioenguliwa, na hilo ni onyo: kura ikiwepo bila ushindani wa haki, mwananchi huipa mgongo. Kenya imekuwa na wadi 1,450 tangu 2013, kila moja na mwakilishi wake katika bunge la kaunti, na fedha za kaunti zinajadiliwa huko.

Uganda ndiyo inayofanana zaidi na Kongo. Uchaguzi wa wenyeviti wa vijiji, LC1, uliahirishwa tangu 2001 kwa sababu za fedha na za kisheria. Ulipofanyika hatimaye, Julai 2018, wananchi walipanga mstari nyuma ya mgombea wao, wakahesabiwa kwa macho. Njia hiyo ina ubaya wake, kwa sababu inamwondolea mpigakura siri. Lakini ilionyesha kwamba kisingizio cha gharama kina dawa. Kura ya vijijini haihitaji kila mara mashine ya kisasa iliyosafirishwa kwa ndege. Karatasi, sanduku na mawakala waaminifu vinatosha.

Kongo inaweza kuanza kwa awamu: makao makuu ya wilaya kwanza, kisha sekta na sheferi. Inaweza kuutenga uchaguzi huu na ule wa rais ili usimezwe na kelele za Kinshasa. Na madiwani wa miji mikuu waliochaguliwa 2023 wapewe vitendea kazi na haki zao zote, ili vijijini waone udiwani ukifanya kazi.

Mzunguko ujao wa uchaguzi mkuu ni 2028. Ikiwa Malemba-Nkulu itapitwa tena, itakuwa imetimiza miaka 20 tangu sheria inayoyafanya makao makuu ya wilaya kuwa komini itiwe saini, bila diwani hata mmoja wa kuchaguliwa chini ya sheria hiyo. Serikali iweke fungu la uchaguzi wa mahali katika bajeti tangu sasa, kwa mafungu ya kila mwaka, badala ya kusubiri mwaka wa kura na kulia kwamba hazina ni tupu. CENI itangaze tarehe ya vijijini na kuiheshimu. Wabunge wa Haut-Lomami walioko Kinshasa na Kamina waidai tarehe hiyo bila kuogopa kwamba diwani mzuri wa leo ni mpinzani wao wa kesho.

Na wewe mkazi wa Malemba-Nkulu, Mulongo au Mwanza ya wilaya hii unayefikiria kugombea: anza sasa. Omba kuona hesabu za soko. Jiandikishe na uwaandikishe majirani zako daftari likifunguliwa. Keti na chifu, keti na akina mama, keti na wale wanaoitwa wageni. Sheria iko upande wako tangu 2008, na mwenye haki asiyeidai humrahisishia kazi anayemnyima.